Uria Aliyekimbilia Misri

Neno: Yeremia 26:20–24

Wahubiri wengi tukifika aya ya 19 ya sura hii, Yeremia akiwa ameponea chupuchupu, tunafunga Biblia. Chini yake yupo mtu tusiyemhubiri: Uria mwana wa Shemaya, wa Kiriath-yearimu. Alisema juu ya nchi yake maneno yale yale ya Yeremia. Mfalme Yehoyakimu alipotaka kumwua, akakimbilia Misri. Elnathani na watu wake wakatumwa kumfuata huko huko ugenini, wakamrudisha, akauawa kwa upanga. Yeremia alipona kwa sababu alikuwa na Ahikamu, mtu mwenye sauti kwa wakubwa. Uria hakuwa na mtu.

Dar es Salaam inaijua habari hii. Septemba 1964, miezi miwili tu baada ya Malawi kupata uhuru, kiongozi wake, Dk. Hastings Banda, aliwafukuza mawaziri waliothubutu kumpinga. Kanyama Chiume, waziri wake wa mambo ya nje, akakimbilia kwetu. Hakuwa mgeni hasa: alikulia Tanganyika, na Kiswahili alikiandika, Dunia Ngumu ni kitabu chake. Mwaka 1975 akatoa Kwacha, habari za maisha yake, wakati huo Banda keshakuwa rais wa maisha. Mwenzake Orton Chirwa, mwanasheria, naye aliishi humu mjini. Desemba 1981 Orton na mkewe Vera walitiwa mbaroni; wenyewe walisema walitekwa wakiwa Zambia. Wakahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Orton alifia gerezani Zomba mwaka 1992.

Sasa mwambie Chiume asikasirike.

Nasema hivi kwa sababu ya jambo tunalolifanya katika jumuiya zetu hapa Magomeni. Majirani waliokimbia nchi zao tunasali nao. Mmoja akisimama kuombea kwao, sauti ikapanda, akamtaja mtawala, mzee mmoja atakohoa na mama mmoja atamdakia: “Samehe kwanza, baba, tuendelee.” Tunataka chai inyweke. Magomeni hii hii ndiko alikokaa Mwalimu Nyerere chama cha TANU kilipokuwa kikidai uhuru, nyumba yake sasa ni makumbusho, nasi tumestarehe kwetu hata hatuijui tena hasira ya mtu aliyenyimwa kwao.

Biblia haikumkatiza Uria. Inasema aliogopa, wala haimlaumu kwa kukimbia. Inaandika jina lake, la baba yake na la mji wake, na aliyemwua inamtaja waziwazi.

Ila Elnathani tusimwache hapo. Fungua sura ya 36. Mfalme yule yule ameketi mbele ya moto, anakatakata gombo la Yeremia kwa kijembe na kulitupa makaani. Watu watatu wanamsihi asilichome, na mmoja wao ni Elnathani! Ukikisoma kitabu kwa mpangilio wake, aliyekwenda kumkamata nabii Uria ndiye sasa anayeyatetea maneno ya nabii Yeremia.

Nadhani hapa ndipo hasira ya mwandishi wa uhamishoni inapoteleza. Akiwa mbali, nchi, mtawala, karani na askari wote humwia kitu kimoja. Lakini tarehe 8 Machi 1992 barua ya maaskofu Wakatoliki wa Malawi ilisomwa makanisani, ikazitaja hadharani dhuluma ambazo Chiume na wenzake walikuwa wakizipigia kelele kutoka nje kwa miaka mingi. Walioisikiliza ni watu wa nchi ile ile iliyoimba na kucheza mbele ya Banda. Juni 1993 watu hao wakapiga kura kutaka vyama vingi. Mwaka 1994 Chiume akarudi kwao.

Tuombe: Bwana, usituache tuwe wepesi wa kumfunga kinywa aliyefukuzwa kwao. Naye mpe hasira yenye macho, imtambue Elnathani angali anakula mezani kwa mfalme. Amina.