Jina Mnalompachika Jirani

Wajukuu zangu, nawasikia mkiitana majina kwenye steji ya bodaboda na mbele ya maduka hapa Kibomet, Kitale: huyu wantam, yule tutam, huyu mtu wa Tawe, yule kibaraka. Kusikia nimechoka, kuwaambia bado sijachoka. Siwakatazi siasa, maana asiye na msimamo hutawaliwa na mwenye nao. Ninachowaomba ni kwamba kabla ya kumpachika jirani jina, mjue limebeba nini, kwa sababu katika Trans Nzoia hii majina ya siasa yamewahi kuchoma nyumba.

Chukueni neno majimbo. Chama cha KADU kiliundwa mwaka 1960 chini ya Ronald Ngala, na msaidizi wake alikuwa Masinde Muliro, mtu wa huku kwetu. Walitaka mamlaka yagawanywe ili makabila madogo yasimezwe na makubwa. Hilo lilikuwa wazo, na watu wenye heshima zao waliweza kulitetea au kulipinga wakiwa wameketi. Katiba ya 1963 ikaleta majimbo. Kitale, ambayo Muliro alidai iwe upande wa Magharibi, ikawekwa Bonde la Ufa. Mwishoni mwa 1964 KADU ikajivunja na kuingia chama tawala cha KANU, na majimbo yakafutwa.

Neno lenyewe halikufa. Mwaka 1991, watu walipodai vyama vingi, wakubwa fulani walilifufua kwenye mikutano ya Bonde la Ufa, na safari hii maana yake ikawa kila mtu arudi alikotoka. Waliobaki wakaitwa madoadoa. Nyumba zikateketezwa Endebess, Saboti na kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Watu walilala makanisani na watoto wao, gunia moja la nguo ndilo shamba lote walilobaki nalo. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 mkatazama wenyewe, wale mliokuwa mmeshazaliwa, balaa hilo likirudi. Leo tuna ugatuzi, kaunti 47, na gavana tunamchagua sisi. Wazo la kugawa mamlaka liko ndani ya katiba ya 2010 na halijamfukuza mtu shambani mwake. Waliofukuza watu ni wale waliolichukua jina wakaliacha wazo.

Neno ujamaa nalo lilitendewa vivyo hivyo. Mwaka 1965 serikali ya Kenyatta ilitoa Waraka wa Bunge Nambari 10, ambao Tom Mboya aliusimamia, ikatangaza kwamba Kenya inafuata ujamaa wa Kiafrika. Waraka huo huo ukalinda mali ya mtu binafsi, na mashamba ya walowezi yakaendelea kwenda kwa mwenye fedha. Jaramogi Oginga Odinga na Bildad Kaggia walipouliza kwa nini Mwafrika anunue ardhi aliyonyang'anywa, wakaitwa wakomunisti. Chama chao cha KPU kilianza 1966 na kupigwa marufuku 1969. Swali lao halikujibiwa. Jina lilitosha kuwanyamazisha. Zama za Moi na kaulimbiu yake ya Nyayo, tusi likawa "mpinga Nyayo". Aliyeitwa hivyo na mkubwa wa mahali aliweza kupoteza kazi au kulala ndani bila mtu kumuuliza anaamini nini.

Tena tazameni kilichotokea Agosti 1991. Odinga aliyeitwa mkomunisti, na Muliro na Martin Shikuku waliokuwa KADU, waliketi meza moja wakaunda vuguvugu la FORD. Watu waliopingana vikali miaka ya 1960 waliona kwamba haki ya kupiga kura ni yao wote. Muliro akafariki Agosti 1992, akitua Nairobi kutoka London, na mwaka huo huo FORD ikapasuka. Waulizeni wazee wenzangu wa Kitale na Bungoma FORD-Kenya ilitofautiana vipi na FORD-Asili kuhusu kodi au ardhi. Wengi watawatajia viongozi: Odinga, kisha Michael Kijana Wamalwa wetu wa Saboti, na upande wa pili Kenneth Matiba. Simba wa FORD-Kenya akawa wa nyumbani kwa sababu ya mtu, na hatukujisumbua kuuliza anakula nini.

Lakini itikadi za kweli zipo hapa hapa, wajukuu zangu, na zimo ndani ya gunia la mahindi. Anayetaka Bodi ya Nafaka inunue kwa bei iliyotangazwa, na mbolea iwe ya ruzuku, anaegemea upande wa dola kumlinda mnyonge. Huko ndiko wajamaa wanakotoka. Anayesema soko liwe huria, mahindi ya Uganda yaingie na bei ijipange yenyewe, anaegemea upande wa uliberali wa kiuchumi. Mkulima wa eneo la Kwanza na mkulima wa Cherangani wanaweza kuwa upande mmoja ingawa lugha zao za nyumbani si moja. Mama wa Kibomet anayenunua unga kilo kwa kilo anaweza kuwa upande wa pili, naye ana sababu zake njema. Hapo pana hoja ya kubishania hadi jioni, na hakuna anayestahili kuitwa msaliti.

Sasa nipimieni majina yenu. Wantam (muhula mmoja) na tutam (mihula miwili) yanahesabu mihula ya rais, basi. Hayasemi lolote juu ya ushuru, shule wala hospitali. Tawe ni kukataa, na kukataa ni haki yako, ila lazima useme unakataa nini na unataka nini mahali pake. Vijana walioandamana Juni 2024 kuhusu Mswada wa Fedha waliusoma, wakautaja kifungu kwa kifungu, wakasema hawana chama wala kabila. Nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyowaheshimu wengi wa rika langu.

Uchaguzi ni Agosti 2027. Mgombea akija Kibomet, mwulizeni kama serikali yake itanunua mahindi au italiachia soko, na ushuru atamtoza nani. Akiwajibu kwa kutaja kabila la mpinzani wake, msimpe kura.