Ujira wa Sauti

Lipo suala zito ambalo mwimbaji asiye na bendi wala tajiri wa kumlipa mshahara hawezi kuliepa, nalo halihusu njaa wala umaarufu: ikiwa sauti ni hiba ya Mola, ambayo mja hakuitolea jasho wala hakuinunua, ana haki gani ya kumtoza mwenziwe fedha ili aisikie? Wapo wajibuo upesi kwamba haki hiyo haipo kabisa, na wapo wajibuo kwa upesi uo huo kwamba kila kiumbe ana riziki yake. Na majibu yote mawili, kwa kuwa yametolewa kabla suala halijatafakariwa, hayanikinaishi.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliliwekea jambo la kusikiliza nyimbo kitabu kizima ndani ya Ihya, kazi yake kubwa, na rai yake, ambayo maulamaa wengi waliipinga na hata leo wangali wakiipinga, ni kwamba sauti nzuri kwa dhati yake si haramu, kama isivyokuwa haramu sauti ya ndege, bali uharamu huingia kutoka nje: katika maneno machafu, katika majilisi ya ulevi, au katika moyo wa asikiaye. Naikubali rai hiyo kwa moyo mkunjufu. Lakini yamwelekea zaidi msikilizaji. Yule aimbaye ili watoto wake wale jioni yamwacha na dukuduku lake.

Namwendea basi Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba kisiwani Unguja, binti wa nyumba ya wafinyanzi, ambaye kabla ya kujulikana kwa uimbaji alikuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti ile ile ambayo baadaye mabwana waliialika barazani mwao. Hiba alizaliwa nayo. Lakini alipohamia mjini mwaka 1911 alikaa chini ya mwalimu, Ali Muhsin. Na kwa kuwa hakujua kusoma wala kuandika, kila ubeti ilimpasa auhifadhi kifuani. Wapinzani walimsuta kwa ushamba na umaskini alikotoka, naye akawajibu kwa wimbo. Na mwaka 1928 alivuka bahari pamoja na wenziwe hadi Bombay, ambako sauti yake ilitiwa katika santuri, jambo ambalo hakuna mwanamke wa pwani hii aliyekuwa amelitenda kabla yake.

Hayo yote ni jasho. Maji ya kisima ni ya Mungu, lakini hamali ayatekaye na kuyapandisha ghorofani anastahili ujira, wala hapana kadhi atakayemnyima. Mwimbaji naye hulipwa kwa kuhifadhi, kukesha na kusafiri, si kwa hiba. Na kama ni hivyo, sauti yenyewe haiuziki, na mkataba umtakao kijana aitoe milele kwa malipo ya mara moja wamtaka auze asichokimiliki.

Hapa ndipo niachanapo, kwa masikitiko, na desturi yetu ya kutuza, ambayo naipenda. Msikilizaji ainukaye katikati ya taarabu na kumtia mwimbaji fedha mkononi aonekana ametoa kwa hiari iliyo safi kuliko bei yoyote. Kumbe mara nyingi ametoa ili fumbo la wimbo limwangukie hasimu wake aliyeketi upande wa pili, na mwimbaji, ambaye kesho atakumbuka ni mkono upi uliokuwa mkarimu, huanza kuimba kwa ajili ya mkono huo. Siti alikuwa na wanamuziki wenziwe, akina Subeti Ambari, Buda Swedi, Mbaruk Talsam na Maalim Shaaban, wa kushauriana nao. Huyu wa leo, ajirekodiye chumbani mwake na kuupeleka wimbo wake duniani kwa intaneti, hana kadhi ila nafsi yake. Kwa hiyo namtakia bei iliyotajwa mapema, mbele ya mashahidi, bila haya: akiisha kuipokea, adaiwa kazi yake tu, na ulimi wake hauna bwana katika watu. Na akiitwa kwenye maulidi ya jirani asiye na kitu, aende aimbe bure mpaka alfajiri, kwa kuwa jasho ni lake, na chake aweza kukisamehe.