Aibu ya Gari Kuukuu

Mwenye gari kuukuu anayejiuliza kama aendelee kulitengeneza au atafute jingine hudhani kuwa swali lake ni la hesabu tu, ilhali ndani yake mna suala la maadili ambalo hesabu peke yake hailimalizi.

Kuhusu fedha, wanauchumi wana istilahi ya gharama zilizozama, yaani matumizi ambayo hayarudi hata mtu akiamua nini, nao hufundisha kwamba gharama hizo zisiwe hoja: ringi za pistoni zilizofungwa mwaka jana hazimlazimishi mtu kununua gasketi ya silinda hedi mwaka huu. Kanuni hiyo ni sahihi, ingawa haifuti ujuzi, kwa kuwa aliyelitunza gari kwa miaka 15 huutambua kila mlio wa bushi zake, na gari la mtumba linaloshushwa bandarini huja na maradhi ambayo mnunuzi bado hayajui.

Lililo zito zaidi, na ambalo husahauliwa, ni kwamba gari likibadilishwa halitoweki, bali huuzwa pamoja na kasoro zake. Fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, inamtambulia mnunuzi hiari ya aibu, ambayo ni haki ya kukirudisha kitu akigundua kasoro iliyokuwamo kabla ya mauzo naye hakuelezwa. Aibu katika istilahi hiyo ya Kiarabu ni dosari ya bidhaa, na katika Kiswahili cha kila siku ni fedheha ya mtu. Maana hizo mbili hukutana pale muuzaji anapoimwaga oili iliyochanganyika na maji hadi ikafanana na chai ya maziwa, akajaza oili safi asubuhi ile ile anayokuja mnunuzi.

Kwa hiyo bei inayostahili kuingia katika hesabu ni ile inayobaki baada ya kasoro zote kutajwa, nayo mara nyingi huwa ndogo kiasi kwamba matengenezo yaliyoonekana ghali hugeuka kuwa nafuu. Hukumu ni nyingine kwa chesisi iliyoliwa na kutu, kwani hapo abiria wamo hatarini, na gari la namna hiyo halifai kupigwa kiraka wala kuuziwa mtu wa kuliendesha. Hukatwa, likauzwa kuwa spea na chuma chakavu, tena kwa jina hilo hilo.