Kuulizwa Kabla ya Kupewa Askofu

Severo, askofu wa Milevi katika Afrika ya Kaskazini, alifariki karibu na mwaka 426 akiwa ameshamtaja atakayemrithi. Jina alilitamka mbele ya makleri wake, akaona yatosha. Waumini hawakuambiwa lolote. Alipokwisha kuzikwa, manung'uniko yakaanza mjini, hata Agostino, askofu wa Hippo, akalazimika kufunga safari kwenda kupoza mambo.

Ugomvi ule uliisha kwa namna ya kufikirisha. Aliyewekwa wakfu ni yuleyule aliyetajwa na Severo, na watu wakampokea kwa furaha. Kumbe hawakuwa na neno naye. Kilichowauma ni kwamba shauri lao lilikatwa wao wakiwa hawapo. Mtu alibaki, na shida ikaondoka.

Agostino alirudi Hippo, mji unaoitwa leo Annaba nchini Algeria, akiwa amepata somo. Tarehe 26 Septemba 426 aliwakusanya watu katika Kanisa la Amani, akawaambia kwamba uzee umeingia na kwamba anataka padre Eraklio awe askofu baada yake. Makarani walikuwa wakiandika kila kilichosemwa, vifijo pamoja: shangwe moja ya kumshukuru Mungu imewekwa kwenye kumbukumbu kuwa ilirudiwa mara 23. Kisha mzee akawaomba wanaoweza kuandika watie saini. Yeyote aliyewahi kuwa katibu wa kikao cha kanisa atamhurumia yule karani aliyekaa akihesabu kelele.

Sasa, ikiwa jina lilikuwa tayari kichwani mwa Agostino, na watu wakalipokea vilevile lilivyo, kuulizwa kuliongeza nini?

Wapo watakaosema kuliongeza heshima tu: mkubwa hupiga hodi hata kwenye nyumba yake. Wengine watasema ni hesabu ya wengi, kwa hiyo Agostino alifanya kura ya mikono bila mikono. Jibu la kwanza linafanya kuulizwa kuwe pambo. La pili linafanya uaskofu kuwa zawadi ya wenye watu wengi. Yote mawili yanasahau kwamba jumuiya inajua mambo ambayo hakuna ofisi inayoyajua.

Padre anaweza kuhubiri vizuri siku askofu anapotembelea parokia. Katekista wa kigango cha mbali ndiye anayejua kama huwa anafika kweli Jumapili ya zamu yake, au hutuma ujumbe saa mbili asubuhi kwamba gari limeharibika. Mhasibu wa usharika anajua sadaka ya mavuno iliandikwa lini na ikafika benki lini. Mjane anajua kama mchungaji alirudi baada ya arobaini, wakati turubai limeshakunjwa na wageni wameondoka. Waraka wa kwanza kwa Timotheo, unapotaja sifa za askofu, unakwenda mbali zaidi: unataka ashuhudiwe vema hata na watu walio nje ya kanisa. Muuza duka aliye jirani na nyumba ya mapadre, awe Mwislamu au asiye na dini, ana habari ambayo kamati haina.

Lakini kujua si kuamua. Mwaka 366, Papa Liberio alipofariki, Wakristo wa Roma waligawanyika kati ya Damaso na Ursino. Mwanahistoria Ammianus Marcellinus, ambaye hakuwa Mkristo, ameandika kwamba siku moja zilikutwa maiti 137 ndani ya kanisa. Kila upande ulikuwa na watu, na kila upande uliamini una Roho. Miaka minane baadaye, mwaka 374, Milano nayo ilikuwa kwenye ukingo huohuo. Askofu Auxentius, aliyefuata mafundisho ya Ario, alikuwa amekufa, na makundi mawili yalikuwa yakitazamana kwa jicho baya kanisani. Ambrosi, gavana wa eneo lile, aliingia kulinda amani. Inasimuliwa kwamba sauti ya mtoto ilipaza jina lake, na umati mzima ukaidaka. Gavana huyo hakuwa hata amebatizwa. Alijaribu kukwepa, akashindwa. Akabatizwa, na tarehe 7 Desemba akawekwa wakfu.

Waumini hupenda kumkumbuka yule mtoto. Ila kilichotokea Milano kinavutia kwa sababu nyingine: hakuna kundi lililopata mtu wake. Pande zote ziliingia kanisani na jina moja na kutoka na lingine. Roma, miaka minane nyuma, hakuna aliyebadilisha jina.

Hiki ndicho kipimo ambacho makala haya yanakishikilia. Uchaguzi hupima watu wanataka nini. Upambanuzi huacha mlango wazi ili watu wajikute wanataka kitu ambacho hawakuja nacho. Jumuiya inayoingia kwenye kikao na jina lake, ikapiga kura, ikatoka na jina lilelile, imechagua kihalali kabisa. Kusema kwamba imepambanua ni jambo jingine, hata kama kikao kilifunguliwa kwa sala na kufungwa kwa wimbo.

Kwa kipimo hicho, taratibu za makanisa yetu zina kasoro za aina mbili zisizofanana. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lililozaliwa tarehe 19 Juni 1963 kwa kuungana kwa makanisa saba, huchagua viongozi wake kwa kura za wajumbe wa mikutano mikuu. Waanglikana wa Tanzania na Kenya nao hupiga kura, kila dayosisi ikiwakilishwa na makasisi na walei. Faida yake inaonekana: mama wa usharika wa kijijini anaweza kuwa na kura yenye uzito sawa na ya mkuu wa jimbo. Hasara nayo inajulikana kwa kila aliyelala hostelini usiku wa kuamkia uchaguzi. Simu hazizimwi. Wapambe wanazunguka vyumbani. Inaulizwa safari hii ni zamu ya upande gani, mlimani au bondeni. Msemo uliovuma Tanzania kwenye kura za maoni za mwaka 2020, kwamba wajumbe si watu wazuri, haupotezi maana ukiingizwa ukumbi wa kanisa. Mtu akishamwahidi jirani yake kura chumbani, sala ya asubuhi inamkuta ameshafunga hesabu.

Kanisa Katoliki limekimbilia upande wa pili. Maaskofu wa eneo huandaa orodha ya mapadre wanaofaa angalau kila baada ya miaka mitatu. Kiti kikibaki wazi, balozi wa Papa hutuma maswali ya siri kwa watu aliowachagua, kisha hupeleka Roma majina matatu pamoja na maoni yake. Kanuni ya 377 inamruhusu kuwauliza hata walei wenye hekima, lakini mmoja mmoja na kwa siri. Siri hiyo ina sababu nzuri: shahidi anayeogopa kukutana na padre wake kesho yake sokoni hatasema ukweli. Tatizo ni kwamba hii ndiyo Milevi tena. Wachache wanaulizwa, wengi wanasikia jina Radio Vatikani ikishalitangaza, na mnong'ono unaanza siku hiyohiyo: huyu katokea wapi?

Ahiara, kusini mashariki mwa Nigeria, mnong'ono huo ulidumu zaidi ya miaka mitano. Askofu wao wa kwanza, Victor Chikwe, mzaliwa wa Mbaise, eneo la jimbo hilo, kama wao, alifariki mwaka 2010. Tarehe 7 Desemba 2012 Papa Benedikto wa 16 alimteua Peter Okpaleke, Mwigbo mwenzao lakini kutoka jimbo la Awka. Mapadre na walei wengi walimkataa. Mei 2013 ilibidi awekwe wakfu seminarini, nje ya jimbo lake. Hoja yao ilikuwa kwamba Mbaise imetoa mapadre wengi mno hata ikose mmoja wa kuiongoza. Juni 2017 Papa Fransisko alimtaka kila padre wa jimbo hilo amwandikie barua binafsi ndani ya siku 30, akiomba msamaha na kuahidi utii, la sivyo asimamishwe kazi. Zilifika barua 200. Wengi walitii, ila wapo waliosema kwamba kufanya kazi na Okpaleke kungewawia vigumu. Februari 2018 Okpaleke alijiuzulu bila kuwahi kuliongoza jimbo kwa siku moja ndani ya mipaka yake. Mwaka 2020 alipewa jimbo jipya la Ekwulobia, na mwaka 2022 akawa kardinali.

Ni rahisi kuwahukumu Waahiara kwa neno moja, ukabila, na kuishia hapo. Ukweli ni kwamba wangeweza kujitetea kwa mapokeo yenyewe. Papa Selestini wa kwanza, mwaka 428, aliwaandikia maaskofu wa Galia kwamba watu wasiwekewe askofu wasiyemtaka, na kwamba mgeni asitangulizwe mbele ya makleri wa mahali panapohusika wanaofaa. Kwenye karatasi, kesi yao ni nzuri kuliko inavyodhaniwa.

Inapoangukia ni kwingine. Hippo walimpataje Agostino? Mwaka 391 alikuwa mgeni kutoka Thagaste, amepita tu mjini kumwona mtu. Alikuwa na kawaida ya kukwepa miji isiyo na askofu, akijua wangemkamata. Hippo alijiona salama kwa kuwa askofu yupo, mzee Valerio. Valerio alikuwa Mgiriki aliyejikwaa katika Kilatini na alihitaji msaidizi. Alipowaeleza watu haja yake, walimgeukia yule mgeni, wakamshika, wakamsukuma mbele apewe upadre huku analia. Jumuiya iliyoulizwa ilimtaka asiye wa kwao. Kwa hiyo ridhaa ya watu haikuwa na maana ya haki ya kumpata ndugu. Ilikuwa uwezo wa kusema: tunahitaji kitu fulani, na huyu, popote alikotoka, anacho. Ahiara walilijibu swali la "ni wa nani?" kabla hawajaulizwa "mnahitaji nini?", na Roma, kwa upande wake, haikuwauliza hadharani lolote kati ya hayo mawili.

Waanglikana wa Uingereza wanaanza na swali la haja. Kiti cha uaskofu kinapokuwa wazi, kamati ya dayosisi huandika taarifa ya mahitaji: parokia zinazofungwa, fedha, hali ya vijijini, shule. Maofisa wawili, mmoja wa maaskofu wakuu na mmoja wa waziri mkuu, huzunguka kuwasikiliza watu, wakiwemo wasio waumini. Ndipo hukaa tume ya watu 14, sita wakiwa wa dayosisi yenyewe, na jina halipiti bila theluthi mbili. Kwa kawaida taarifa hizo huomba malaika: kijana mwenye uzoefu mrefu, mwanazuoni anayependwa na wakulima. Hata hivyo, zinawalazimisha watu kubishana juu yao wenyewe kabla ya kubishana juu ya mtu. Na utaratibu unakubali kushindwa. Carlisle na Ely, miaka ya karibuni, tume ilikaa ikaondoka bila jina, na dayosisi zikaendelea kusubiri. Waliolalamika walikuwa wengi. Lakini kikao kisichoweza kusema "bado" kinapambanua nini?

Wakopti wa Misri nao wana njia yao ya kuwatenga watu na ushindi wao. Papa Shenouda wa tatu alipofariki Machi 2012, wapigakura wapatao 2,400 walipunguza wagombea hadi watatu. Ukafuata mfungo wa siku tatu. Tarehe 4 Novemba, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Marko, Abbassia jijini Cairo, mvulana aliyefungwa kitambaa machoni alichagua jina moja kati ya hayo matatu. Likatoka la Tawadros. Aliyeongoza kwa kura alikuwa Askofu Raphael, na hakuna aliyesema kura zimeibwa, kwa sababu kura hazikuwa zimeahidiwa neno la mwisho. Ni jadi inayofuata Matendo ya Mitume: Mathiya alipatikana kwa kura ya bahati, lakini baada ya watu wapatao 120 kukubaliana sifa na kusimamisha majina mawili. Kura ya bahati peke yake ingekuwa uvivu. Ikija baada ya kazi, inawanyima walioshinda haki ya kutamba.

Si lazima Dar es Salaam au Nyeri waige Cairo. Kinachoweza kubadilika ni kidogo na hakihitaji kugusa sheria ya siri. Siri inalinda majina. Haja ya jimbo haina sababu ya kufichwa. Askofu wa Kikatoliki hutakiwa kuomba kujiuzulu anapotimiza miaka 75, kwa hiyo mara nyingi mwaka wa kiti kuwa wazi unajulikana mapema, na jumuiya ndogo ndogo hukutana kila wiki. Zingeweza kuulizwa miezi sita kabla, bila kumtaja mtu: nani hapa hafikiwi na kanisa, fedha zetu zinaaminika, vijana waliondoka lini, na ni jambo gani askofu ajaye akilifanya tutachukia ingawa linahitajika? Majibu ya swali hilo la mwisho yapelekwe kwa balozi yakiwa yamefungwa, na nakala ibaki sakristia hadi mgeni atakapofika.