Gari Lililopona kwa Kuguswa

Mwalimu mmoja mstaafu wa Tanga alikuwa na gari dogo la gia za otomatiki, nalo lilianza tabia ya kununa. Wiki nzima linawaka bila shida, siku ya nane anazungusha ufunguo, anasikia "tak!" moja tu, halafu kimya. Akirudia mara tano, sita, linawaka kana kwamba halikuwa na neno.

Fundi wa kwanza alisikiliza maelezo, akakata shauri: betri. Ikanunuliwa mpya, gari likawaka. Wiki tatu baadaye, "tak!" Wa pili akasema stata imekwisha kaboni. Ikafungwa nyingine ya mtumba, gari likawaka. Mwezi haukuisha, "tak!" Wa tatu akabadilisha swichi ya ufunguo, gari likawaka tena. Kila fundi aliondoka na hela yake na sifa zake. Bandubandu huisha gogo. Akiba ya mwalimu ikaanza kuonyesha sakafu.

Kisha dada yake akafariki huko Muheza. Mazishi yakapangwa saa kumi alasiri. Mwalimu aliondoka mjini saa nane, akasimama Pongwe kuweka mafuta. Alipogeuza ufunguo: "tak!" Vijana wa kituoni wakajitolea kusukuma, lakini gari la otomatiki haliwaki kwa kusukumwa. Akaliacha pale, akangoja basi. Alipofika makaburini, watu walikuwa wanakung'uta udongo mikononi.

Kesho yake alirudi Pongwe na fundi mzee aliyeelekezwa na shemeji yake. Gari lilikuwa bado limenuna. Mwalimu akataka kuchezesha nyaya kama alivyozoea, mzee akamzuia.

"Usiguse kitu, mwalimu. Likiwaka sasa hivi, ugonjwa umetutoroka."

Akawasha taa kubwa, akamwomba azungushe ufunguo. "Tak!" Taa hazikufifia. "Ingekuwa betri ndiyo imechoka," mzee akasema, "taa zingefifia, na huenda ungesikia tak-tak-tak kama cherehani." Akapima betri kwa mita: volti 12.6. Ufunguo ulipozungushwa ikashuka hadi 12.4 tu. "Stata ikizungusha injini hula umeme mwingi, na betri nzima hushuka hadi kumi na kitu. Hii haijaliwa. Umeme umezibiwa njiani."

Hapo akaweka waya mmoja wa mita kwenye kichwa cha hasi cha betri, wa pili kwenye chuma cha injini. Njia ikiwa safi, ufunguo ukizungushwa mita husoma chini ya nusu volti. Ilisoma 9. Waya mnene wa hasi, pale unapofungwa kwa boliti kwenye injini, ulikuwa umeota kutu ya kijani. Mzee akaufungua, akausugua kwa msasa mpaka shaba ikang'aa, akasafisha na chuma chini yake, akakaza. Gari likawaka kwa mguso wa kwanza.

Wale mafundi watatu hawakuwa wezi. Kila mmoja, ili abadilishe kifaa chake, alifungua nyaya za betri na kuzirudisha. Katika kutikiswa huko, waya wenye kutu ukapata kushika kwa siku kadhaa. Wakadhani wametibu, kumbe wamepapasa tu. Mwalimu naye alilipa mara tatu kwa waya kuguswa.

Ewe mwenye gari linalogoma mara moja moja, siku linapogoma ndiyo siku ya kulipima. Sikiliza mlio, tazama taa, weka mita, kisha ndipo ufungue mfuko. Na fundi akikuambia limepona kwa kuwa limewaka, mwulize ugonjwa ulikuwa wapi. Asipoweza kukuonyesha, usinunue kifaa kingine.