Kilichofutwa Kilale
Faili la hifadhidata ya SQLite likiharibika, fundi anaweza kusoma kurasa zake moja kwa moja, akaokota majina na jumbe. Ila huokota hata visivyotafutwa. Kwa kawaida rekodi iliyofutwa haiondoki papo hapo. Nafasi yake huhesabiwa tupu hadi data mpya iandikwe juu yake. Hivyo kilichopotea kwa ajali hurudi pamoja na kilichofutwa kwa kusudi: namba ya simu ya aliyeomba aondolewe, ujumbe ambao mwandishi wake aliujutia.

Je, virudishwe vyote? Mwenye faili atasema ni mali yake. Faili, ndiyo, siri ni ya aliyeifuta. Mara nyingi kurasa zenyewe huonyesha nafasi zipi zilihesabiwa tupu. Fundi mwaminifu akifika hapo, hupita.