Jina Lililofichwa Ndani ya Mpini

Wazee wetu wa pwani walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Methali hiyo ni ya vyombo vya baharini, lakini leo twaipeleka kwenye upanga mfupi wa kale wa Kijapani, uitwao wakizashi. Panga za Kijapani zimehifadhiwa hapa London, katika British Museum na katika Victoria and Albert, na kiingilio ni bure. Swali letu ni hili: fundi anapotia jina kwenye kazi yake, anatafuta sifa au anaweka dhamana?

Tuanze na chuma chenyewe. Mchanga wenye chuma huchomwa pamoja na makaa katika tanuru la udongo, kikapatikana chuma cha pua. Mhunzi hukifua, akakikunja, akakifua tena mara nyingi mpaka takataka zitoke. Kisha huupaka upanga udongo, mzito mgongoni na mwembamba kwenye makali. Ukizamishwa majini ungali mwekundu kwa moto, makali hupoa ghafla yakawa magumu. Mgongo hupoa polepole, ukabaki laini kiasi cha kutovunjika upesi. Sisi wahandisi tunayo majedwali ya hayo yote. Yeye alipima joto kwa kutazama rangi ya moto.

Mafundi wengi walichonga majina yao kwenye sehemu ya chuma inayoingia ndani ya mpini. Aliyeuvaa upanga kiunoni hakuliona jina hilo, wala adui yake. Tena, kwenye baadhi ya panga za enzi ya Edo (1603-1868), hapo hapo yaliandikwa matokeo ya kujaribu makali juu ya maiti za watu waliouawa kwa hukumu. Basi jina halikukaa pale kwa fahari tupu. Lilikaa jirani na yale ambayo kazi ile iliweza kutenda.

Lakini jina nalo huibwa. Panga nyingi zimechongwa majina ya mafundi mashuhuri ambao hawakuzifua. Ndiyo maana wajuzi huusoma upanga kwanza, umbo lake na chuma chake, ndipo waliamini jina au walikatae.

Na kwetu je? Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walieleza kwamba wahunzi wa Buhaya, magharibi mwa Ziwa Victoria, walikuwa wakitengeneza chuma cha pua yapata miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita. Wazee wa Kihaya waliojenga tanuru upya ndio walioonyesha namna ya kazi. Mhunzi wa kijijini hakuwa na haja ya kuchonga jina kwenye jembe. Likivunjika, mwenye jembe aliujua mlango wa kubisha.

Sisi tulio ughaibuni hatuna mlango huo. Tunaunganisha nyaya zinazofunikwa na ukuta, tunasafisha ofisi kabla wenyewe hawajafika, tunawageuza wagonjwa usiku wa manane. Atakayefaidika hatujui, na likiharibika huenda asijue pa kutupata. Kwa hiyo, ndugu zetu, dhamana yetu haiwezi kuwa jina. Ni ile sehemu ya kazi ambayo hakuna atakayeifunua, nasi tukaifanya sawasawa vilevile.